Dakika Moja na Nusu za Maman Agathe

Nianze kwa kusema kweli: Maman Agathe Nsimire alikuwa mtu wa kuudhi. Wanaomsifu leo hawakufanya kazi naye. Mimi nilifanya naye kazi miaka kumi na saba katika kampuni ya ulinzi iitwayo Macho Wazi, hapa Nguba, mtaa wa Bukavu, mimi nikiwa katibu wa mkurugenzi, yeye fundi na mtunza stoo. Katika miaka yote hiyo hakutia sahihi karatasi yangu hata moja bila kuniuliza kwanza, "Papa Lucien, hii kitu mulishaipima?"

Nipime nini mimi? Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa. Mkurugenzi akisema mzigo umefika, naandika umefika. Akisema ni mzuri, naandika "conforme", yaani mzigo uko sawasawa na ulivyoagizwa, na neno hilo nimelipiga mara nyingi hata vidole vyangu vinalijua kuliko jina langu la ubatizo. Lakini chini ya karatasi palitakiwa sahihi ya fundi, na hapo ndipo mambo yalipokuwa yakikwama.

Yalipokuja mabuti ya mvua, alivaa jozi moja, akaweka beseni la maji chini ya meza, akatumbukiza miguu humo na kushona vifungo vya sare mpaka saa sita. Kisha akaingia ofisini kwa mkurugenzi, akavua soksi na kuzikamua pale pale juu ya zulia. Zilipokuja filimbi, alizipuliza zote mia mbili, moja moja, hata daktari wa meno aliye jirani yetu akaja kutusihi kwa jina la Bikira Maria. Walinzi wakampa jina la Maman Conforme, kwa sababu ndilo neno alilolitoa kwa uchoyo kuliko yote.

Alizaliwa Luberizi, kwa wakulima wa mpunga, akapanda huku Bukavu kuolewa na fundi wa redio. Mume akafa mapema, akamwachia watoto watatu, kichuma cha kulehemu na kasha la redio za watu zilizofunguliwa na hazijafungwa. Mjane mwingine angezirudisha zilivyo na kuomba radhi. Agathe alizimaliza zote. Alikuwa akienda kwa mafundi waliomjua marehemu, anauliza swali moja, anarudi nyumbani kujaribu, kesho yake anakwenda tena, mpaka wakawa wakimwona kwa mbali wanajifanya wamelala.

Wakati huo huo alipiga pasi kanzu za mapadri wa parokia, kwa pasi ya makaa. Huko ndiko alikolifahamu joto. Alisema pasi ya makaa haina adabu: haiulizi kanzu ni ya padri au ya askofu, ukiisahau kidogo tu inaacha alama. Nilipokuwa nikimsikia akisema hivyo nilidhani anaongea habari za kanzu.

Sasa tuje kwenye tochi.

Mwaka juzi shirika moja lenye depo la dawa karibu na ziwa lilitangaza kwamba linatafuta walinzi arobaini. Sharti kubwa lilikuwa mwanga: kila mlinzi awe na tochi kali ya kuzungukia depo usiku kucha. Mkurugenzi wetu, Papa Patrice, ni mtu anayependa sana karatasi zinazong'aa. Mpe kitabu cha picha za bidhaa na atakisoma kama wengine wanavyosoma misale kanisani. Basi akaagiza.

Boksi lilipofunguliwa, tukaona vitochi vyeusi, vizuri kweli, kila kimoja kinafichika ndani ya ngumi, na mgongoni vina mfereji wa chuma. Maman Agathe akakigeuza kimoja, akakinusa, akaenda nacho ofisini. Mimi nilikuwa pale nikiandika barua.

"Papa Directeur, hizi torche ziko za kufunga ku bunduki. Chini ya mudomo ya pistolet. Sisi hatuna bunduki."

Ni kweli hatukuwa nazo. Kampuni za ulinzi za raia kama yetu hazibebi bunduki. Macho Wazi tulikuwa na marungu, filimbi, na mbwa mmoja mzee aliyeogopa mvua.

"Agathe, angalia hii picha ku boksi," mkurugenzi akasema. Palikuwa na askari mwenye kofia ya chuma, uso umekunjamana, na mwanga unatoka kwenye silaha yake. "Unaona huyu mutu? Wewe unaweza kumuibia dawa, huyu?"

"Hapana, papa."

"Voilà."

Ndivyo tulivyokuwa kampuni ya kwanza, nadhani, kufunga tochi za bastola kwenye marungu kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Walinzi walizipenda. Ukiliinua rungu unajiona kama yule wa kwenye boksi.

Kwenye boksi paliandikwa lumeni elfu moja na mia mbili. Lumeni ndicho kipimo cha wingi wa mwanga, na kwa tochi ndogo hivyo elfu moja na mia mbili si mchezo. Sokoni kwetu, bila shaka, utakuta tochi ya kwenye mfuko wa shati imeandikwa laki moja, ukiiwasha inaona aibu kukuonyesha hata kiatu chako. Lakini hizi hazikuwa za uongo. Zilikuwa kali. Mkurugenzi akanitamkia barua ya kuombea kazi: "Kila mlinzi atakuwa na lumeni 1200, usiku kucha, bila kupungua." Nikapiga. Maneno "bila kupungua" niliyakoleza wino kwa hiari yangu, kwa sababu yalipendeza.

Maman Agathe akaenda kupima.

Hakuwa na mitambo. Alifunga mlango wa stoo, akasimamisha tochi ndani ya kopo ikitazama juu, akaanza kuweka karatasi nyeupe juu yake, moja baada ya nyingine (karatasi zangu, na hakuniomba), mpaka mwanga usionekane tena. Tochi ikiwa ndiyo kwanza imewashwa ilipenya karatasi thelathini na moja. Hicho kilikuwa kipimo cha mwanga. Kwa joto alibandika kipande cha nta ya mshumaa wa kanisani, kama punje ya mchele hivi, kwenye shingo ya tochi. Nta ikianza kuteleza, ujue kiganja cha mtu hakiwezi kuvumilia tena. Hilo alilijua kwa sababu alishalijaribu kwa kiganja chake.

Aliwasha, akashika saa. Dakika moja ikapita. Ilipofika dakika moja na nusu nta ikalegea, na tochi yenyewe, bila kuguswa na mtu, ikashusha mwanga. Karatasi zikawa ishirini na mbili. Akaiacha ipoe, akarudia. Akachukua ya pili, ya tatu, akazimaliza zote arobaini kwa siku tatu. Zote ziliimba wimbo mmoja.

Akaja na daftari lake ofisini.

"Torche haziko mbovu," akamwambia mkurugenzi. "Ziko na akili. Mule ndani kuko kadude kadogo kanasikiaka joto. Joto ikipanda, kanapunguza mwangaza, torche isijiunguze."

"Basi uifundishe uvumilivu."

"Haiko mambo ya uvumilivu, papa. Iko ndogo. Mwangaza mingi inaleta joto mingi, na joto inatafuta fasi ya kutokea. Hii haina mwili. Mutu wa bunduki anawasha, anaangalia ni nani, anazima. Une minute trente, ile dakika moja na nusu, inamutosha. Sentinelle yetu yeye anazunguka mpaka asubui."

"Sasa unataka nini?"

"Tuchague. Torche ndogo, mwangaza mingi, kuwaka murefu. Mbili utapata, ya tatu utaacha. Mi nasema tuziweke ku quatre cents, lumeni mia ine. Nimeshapima: inaenda masaa mbili, tunabadilisha pile, ile betri, na mukono inabakia muzuri. Mwizi anaonekana tu."

"Quatre cents!" Papa Patrice akashika kichwa. "Agathe, bale bantu ba kampuni ingine bameandika elfu tano!"

"Banazipima?"

"Banaandika!"

Nilicheka, na mkurugenzi akadhani namcheka Agathe, akafurahi. Naye Agathe akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Sasa mkurugenzi ana mpwa, Didier, aliyesoma mambo ya kompyuta miaka miwili akarudi na cheo cha injinia alichojipa njiani. Didier akasema jambo ni dogo: hako kadude kanakosikia joto kakatwe, tochi isijue kwamba ina joto, itaendelea kuwaka bila wasiwasi. Mkurugenzi aliona hiyo ni elimu. Ndivyo kampuni nzima ilivyoendeshwa: mwenye kuleta habari mbaya akinyamazishwa, mambo yanakuwa mazuri.

Maman Agathe hakubisha kwanza. Alikata kadude kwenye tochi moja, akaiweka mezani, akawasha. Mimi na Willy tulikuwapo. Willy ni mlinzi, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, mrefu, masharubu yaliyochanwa vizuri, baba wa watoto sita. Nta iliteleza, ikadondoka. Tochi haikushusha mwanga. Dakika ya tatu tukaanza kusikia harufu ya gundi. Ya tano betri ikavimba ndani na kifuniko kikalia. Agathe akaikamata kwa koleo na kuifukia kwenye ndoo ya mchanga. Mezani ikabaki alama ya kahawia, mviringo.

"Umeona, Willy?" akauliza.

"Nimeona, maman."

Akampelekea mkurugenzi taarifa ya maneno mawili: "Inaunguza mtu."

"Umewasha ku meza," mkurugenzi akamjibu. "Sentinelle haiko meza."

Kisha akamwambia mbele yangu, bila kupandisha sauti, kwamba siku ya sherehe ya makabidhiano ya tochi kwa walinzi atatia sahihi mbele ya wageni, chini ya neno conforme. Asipotia, arudi kupiga pasi kanzu za mapadri. Agathe alikuwa na binti yake wa mwisho, Déborah, anayesomea uuguzi mwaka wa pili, na hapakuwa na mtu mwingine nyumbani mwenye mshahara. Mkurugenzi alilijua hilo. Mimi pia nililijua. Agathe alisema, "Nimesikia, papa," akatoka, na kwa mara ya kwanza nikamwona amesahau daftari lake juu ya meza ya watu.

Sherehe ya makabidhiano, kwa msomaji asiyetujua, ni jambo zito. Hapa kwetu hata ndoo ya kunawia mikono haiwezi kuanza kazi kabla haijafanyiwa hotuba. Yakaja mahema mawili, viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, kipaza sauti kilicholia kama mbuzi, padri wa kufungua kwa sala, chefu wa mtaa, na mgeni mkuu, Madame Tatiana, mwakilishi wa shirika lenye depo. Huyu ni mwanamke mkimya wa mjini hapa hapa, mwenye miwani na faili la kijani. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka vizuri.

Naomba mlitazame jambo hili kwa utulivu. Saa nne asubuhi, juani, tulikuwa tunataka kuwaonyesha watu mwanga wa tochi.

Willy ndiye aliyechaguliwa kuishika. Mkurugenzi alikuwa amemwahidi ukuu wa zamu pale depo, cheo alichokingoja miaka minane. Didier alikuwa ameandaa tochi moja tu kwanza, aliyoikata kadude yeye mwenyewe, thelathini na nane nyingine zingefuata baada ya mkataba. Na kwa kuwa rungu halipendezi kwenye picha, mkurugenzi akaamuru liondolewe, Willy aishike tochi yenyewe kiganjani, mkono mbele, kama yule wa kwenye boksi. Iwashwe mwanzo wa hotuba, izimwe mwisho. "Bila kupungua," akasema, na macho yakamlengalenga kwa fahari.

Nilikaa safu ya pili, nyuma ya Willy kabisa, na karatasi ya kutia sahihi mapajani. Maman Agathe alikaa pembeni, karibu na ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Alivaa kitenge chake cha Jumapili.

Mkurugenzi akashika kipaza sauti. Akaiwasha tochi mwenyewe, wageni wakapiga makofi. Kwa jua lile hakuna aliyeweza kujua kama ni lumeni elfu moja na mia mbili au kumi na mbili, lakini tulipiga makofi hata hivyo. Akasema hatapoteza muda wa wageni kwa itifaki, kila mheshimiwa ajione ametajwa. Kisha akawataja wote. Alipomaliza kumtaja chefu wa mtaa na mke wa chefu, dakika mbili zilikuwa zimekwisha. Akaanza historia ya kampuni, na historia ya kampuni yetu huanzia kwa babu yake.

Nilimwona Willy akibadilisha mguu. Jasho likamtoka nyuma ya shingo, likaingia kwenye kola. Babu alikuwa bado hajaoa. Nikamtazama Agathe: alikuwa ameshika saa yake mkononi na midomo inacheza. Nilidhani anasali. Alikuwa anahesabu.

Willy akaanza kuhamisha vidole kwenye tochi, kimoja kimoja. Hakuiachia. Akainua kidevu zaidi, akatabasamu zaidi, na mpiga picha akampiga picha, ambayo mpaka leo imo kwenye kalenda ya kampuni. Babu akavuka mto Ruzizi.

Hapo Agathe akasimama. Alikatiza katikati ya uwanja, mbele ya padri, mbele ya chefu, mbele ya mkurugenzi mwenye kipaza sauti, jambo ambalo hapa kwetu hata mwendawazimu hulifanya kwa kuinama. Alikunja pindo la kitenge, akaipokonya tochi mkononi mwa Willy, akatembea nayo mpaka kwenye ndoo na kuizika mchangani. Kisha akaja kwangu, akachukua karatasi na kalamu. Chini ya neno conforme nililolipiga kwa uzuri, akaandika kwa mkono, akisoma kwa sauti huku anaandika:

"Une minute trente. Kiisha inaunguza mutu."

Akatia sahihi.

Mkurugenzi akacheka kwenye kipaza sauti, kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu. Akasema wanawake wana huruma sana, tuwapende hivyo hivyo. Wageni wakacheka. Lakini Madame Tatiana hakucheka. Alivua miwani, akamgeukia Willy.

"Papa, wewe ndiye ulikuwa unaishika. Inaunguza?"

Willy alikuwa amepeleka mkono nyuma. Wageni wote walikuwa mbele yake, waliona masharubu na tabasamu. Nyuma yake nilikuwa mimi. Kiganja kilikuwa wazi mbele ya uso wangu: chekundu, na chini ya vidole ngozi imeanza kuinuka kwa maji.

"Iko muzuri, madame," Willy akasema. "Inapasha tu kidogo. Haiunguzi."

"Uko sûr? Una hakika?"

"Sûr kabisa, madame."

Watu wakapiga makofi. Yale ndiyo makofi makubwa kuliko yote ya siku ile. Maman Agathe alisimama katikati ya uwanja na mchanga kwenye kitenge, akimtazama Willy, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na ndugu yake. Madame Tatiana akatazama huku na huku, kana kwamba anatafuta mtu mwingine wa kumuuliza. Macho yake yakanifikia. Nikaanza kupanga karatasi zangu, ambazo zilikuwa zimepangwa.

Nimejitetea kwa hilo mara nyingi, nikiwa peke yangu. Najiambia sikuulizwa kwa jina. Najiambia Willy mwenyewe, mwenye kiganja, alisema hakiungui, nami ni nani wa kumbishia mtu habari za mkono wake? Ni hoja nzuri. Nimezisikia nyingi nzuri hivyo katika kazi yangu.

Mkurugenzi akaniambia nichape karatasi nyingine, nafasi ya fundi akatia sahihi Didier, injinia. Mkataba ukapita siku ya nane baada ya sherehe. Siku hiyo hiyo nikapiga barua ya kumwachisha kazi Maman Agathe, sababu ikiwa "kukosa heshima kwa itifaki na upungufu wa ujuzi katika mambo ya mwanga". Upungufu wa ujuzi nilishauri mimi. Mkurugenzi alikuwa anataka tu kusema ni mchawi.

Jioni, jua bado lipo, nikampelekea barua nyumbani kwake. Kwa nini sikumtuma mtu? Sijui. Nilimkuta uani akipiga pasi, tayari, kanzu nyeupe tatu zimetundikwa kwenye kamba. Déborah akaniletea kiti. Agathe akapangusa mikono, akaisoma barua yote mpaka sahihi, kwa utaratibu wake ule ule wa kuudhi, akaikunja.

"Papa Lucien, mukono ya Willy iko aje?"

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, njia nzima.

"Uliona wewe?" nikauliza.

"Nitaona namna gani? Alinificha. Mi nilimuona macho. Ile siku nilisikia kasirani ya kumupiga na ile kirungu, ya kweli. Mi najitupa pale, yeye anasema inapasha. Kiisha nikafika hapa, nikafikiri batoto yake sita." Akanyoosha kola ya kanzu iliyokuwa mezani. "Eko anaiweka dawa? Déborah alisema isipakwe mafuta."

"Imeungua, maman," nikasema. "Fasi yote ya chini ya vidole. Niliiona. Nilikuwa nyuma yake."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akizitazama filimbi. Sikuona hasira. Ingekuwa afadhali ningeiona. Akageuza ile barua upande wa nyuma, ulio mweupe, akailaza kwenye meza ya pasi, akaweka kalamu juu yake.

"Andika," akasema.

Katika maisha yangu nimeandika maelfu ya kurasa, na sikuwahi kujua kwamba kalamu ni nzito. Niliandika mistari minne. Niliandika nilichoona, nilikuwa nimekaa wapi, saa ngapi, mkono upi. Mwishoni nikataka kuongeza maneno mazuri, akanizuia kwa kidole. Nikatia sahihi. Ilikuwa karatasi yangu ya kwanza ambayo mkurugenzi hakunitamkia.

Kesho yake nikaipeleka depo, kwa Madame Tatiana. Pale getini alisimama mkuu wa zamu mpya, Willy, mkono wa kulia umefungwa kitambaa, akanipigia saluti kwa wa kushoto. Aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia. Aliangalia chini, akafungua geti, na sikuweza kujua kama amenishukuru au amenilaani. Labda vyote viwili.

Madame Tatiana alisoma mistari minne mara mbili. Akamwita karani wake, akamwambia tochi zote zisimamishwe, na yule maman fundi atafutwe leo leo aje azipime, moja moja, na akishasema ni lumeni ngapi, ziwe hizo hizo. Nikasimama niondoke. Nilijisikia mtu mwema, nakiri. Nilikuwa hata nimeshaanza kuipanga kichwani namna nitakavyomhadithia mke wangu.

"Papa Lucien," akaniita. Alikuwa amefungua faili la kijani. "Ulikuwa umekaa nyuma yake kabisa?"

"Nyuma yake kabisa, madame."

"Na leo ni siku ya ngapi tangu sherehe?"

Nikahesabu, ingawa nilikuwa naijua.

"Ya tisa, madame."

Akachukua kalamu, akaiandika hiyo nayo chini ya jina langu.